Pipi za Usingizi

Jumapili, 4 Mei

Ameletwa leo mchana, mvua ikinyesha, na aliyemleta hakukaa hata kufuta miguu. "Mwenye mtoto ni mimi," aliniambia mlangoni, kana kwamba sijui mume wangu alimwoa nani kabla yangu. "Wewe nakuachia tu kwa muhula mmoja." Basi nami nitamwita hivyo hivyo, Mwenye Mtoto. Anakwenda mji mwingine kusoma kozi ya kumpandisha cheo kazini. Mama yake mzazi anaumwa, dada yake amejitia hamnazo, kwa hiyo sasa ni zamu ya baba. Na baba, katika nyumba hii, maana yake ni mimi.

Mtoto ni msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye magoti yaliyojaa makovu. Baba yake anamwita Cheche. Kabla sijafunga mlango alikuwa ameshawasha na kuzima taa ya sebuleni, amepanda kochi na viatu, ameuliza kwa nini pazia letu ni fupi.

Amekuja na begi la nguo, dogo, na sanduku kubwa la makopo. Kuna mafuta ya samaki kwenye vidonge vinavyoteleza, unga wa magnesiamu wa kukoroga kwenye maji, zinki, vitamini za kutafuna, na pipi za zambarau zenye umbo la mwezi mchanga. Hizo ni za usingizi.

"Usiruke hata siku moja," Mwenye Mtoto alisema. "Ukiruka, utaona mwenyewe."

"Daktari gani kamwandikia?"

"Nina mshauri wangu wa lishe. Anajua kuliko hao madaktari." Kisha akanitazama tumboni, taratibu, nione kwamba ananitazama. "Na wewe hujazaa, kwa hiyo usijifanye mjuzi. Fuata tu."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Siku za kazi ni karani wa bima, Jumamosi ni mwamuzi wa mpira. Uwanjani anawatoa watu wazima kwa kadi nyekundu. Hapa alikohoa.

Naandika kwa sababu nikisema nitatukana.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Amepoteza kiatu kati ya lango la shule na darasa. Kimoja.

Jumatano, 7 Mei

Huyu mtoto halali, anakimbia akiwa kitandani. Asubuhi nakuta shuka limesokotwa kama kamba, mto uko sakafuni na ukuta una alama za nyayo. Ukimwamsha anaamka kama mtu aliyeshinda anabeba saruji.

"Miguu yako ina nini?" nikamuuliza.

"Inawasha kwa ndani. Si kwenye ngozi, Mama Mdogo. Ndani."

Nikamwambia aache kutunga hadithi, avae sare.

Mwenye Mtoto anatuma ujumbe wa sauti kila alfajiri. "Amemeza mafuta? Nitumie picha ya kopo." Picha ya kopo. Ya mtoto hajaiomba.

Jumamosi, 10 Mei

Baba yake amekwenda kuchezesha mechi kwenye matope, kwa hiyo nimelazimika kwenda na Cheche kazini. Nasaga lenzi katika chumba cha nyuma cha duka la miwani. Ni kazi inayotaka mkono uliotulia na mtu asiyesemeshwa. Alinisemesha tangu nafungua mlango. Kwa nini mashine inatema maji? Lenzi ikivunjika, macho ya mwenyewe yanauma? Hivi wewe na baba mnapendana au mnakaa tu?

Kabla chai yangu haijapoa alikuwa amepindua kisanduku cha skrubu za fremu, zile ndogo kama punje za mchanga. Zikatawanyika sakafu nzima, chini ya kabati, kwenye maji ya mashine. Nilimfokea mpaka bosi akachungulia. Nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Hakulia. Alipiga magoti akaanza kuziokota moja moja, akizitenga kwa urefu kwenye vifuniko vya chupa, na kwa muda mrefu sikusikia sauti yake. Nilipogeuka nilidhani ametoroka. Kumbe amelala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, anachungulia chini ya kabati.

"Kuna ndefu moja imejificha," akaninong'oneza, kama vile tunavizia panya.

Sikumwomba radhi. Nasema tu kwamba skrubu zimepangika kuliko zilivyokuwa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka mafuta ya samaki na soksi mbichi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeitwa shuleni. Mume wangu ana kikao. Siku zote akiitwa mzazi, yeye ana kikao.

Mwalimu wa darasa ni mwanamke mwenye sauti ya kupangusa ubao. Hakunikaribisha kiti. "Huyu mtoto wenu ana mapepo au ana minyoo?" akaniuliza mbele ya darasa zima, na wenzake Cheche wakacheka. "Hakai. Hamalizi hata sentensi. Akikaa, anapiga mateke dawati la mwenzake. Mimi nina watoto wengi, siwezi kumfuga mmoja."

Dawati la Cheche lilikuwa peke yake, limeelekezwa ukutani, kando ya pipa la taka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapo, kanipa kisogo, miguu yake ikichapana chini ya kiti. Shingo yake ni nyembamba sana. Sikuwa nimeiona.

Nilikwenda pale nimejiandaa kumlaumu mtoto. Nimerudi namchukia na mwalimu pia.

Ijumaa, 23 Mei

Mwenye Mtoto amesikia habari za shule, maana mume wangu kwangu ni bubu lakini kwake ana mdomo. Amenipigia nikiwa kazini, mashine inanguruma.

"Mshauri amesema mwili wake umeshazoea. Pipi za usingizi, mpe mara mbili."

"Sitaongeza chochote mpaka daktari amwone."

"Unataka mwanangu afeli, baba yake amchoke, ubaki naye peke yako. Nakujua vizuri wewe. Mwanamke asiye na mtoto halali usingizi mtoto wa mwenzake akifaulu."

Nilizima mashine. Lenzi niliyokuwa naisaga ilikuwa imeliwa upande mmoja, ya kutupa.

Jioni nimempa mara mbili. Sikumpa kwa kuamini. Nimempa ili likitokea la kutokea, liwe lake yeye, lisiwe langu.

Jumanne, 27 Mei

Amelala. Shuka limenyooka, mto uko mahali pake. Mume wangu kasimama mlangoni pa chumba cha mtoto anatabasamu. "Mnaona? Zinafanya kazi." Mnaona, kasema, kama vile tuko wengi. Nilikasirika kwa kuwa zimefanya kazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Lakini njiani kwenda shule hakuuliza swali. Alitembea kama nguo iliyoloa. Nilianza kuutamani ule udadisi wake wa kuudhi. Mbwa mmoja mwenye miguu mitatu akavuka barabara kwa madaha, nikamwonyesha.

"Ndiyo," akasema.

Ijumaa, 30 Mei

Mwalimu kanisimamisha langoni, anameremeta. "Ametulia! Sasa analala tu kwenye dawati, hasumbui mtu. Chochote mnachompa, msiache."

Jumapili, 1 Juni

Leo nimemwambia mume wangu kwamba naziacha zile pipi. Akasema tusifanye haraka. Nikamwambia mtoto ametoka kuwa mtoto, amekuwa mto. Akaona njia ya kujivua ni kumpigia Mwenye Mtoto na kumweka kwenye spika, "ili tuyamalize."

Hatukumaliza kitu. Mwenye Mtoto alianza na uvivu wangu, akaja kwenye uchafu wa nyumba ambayo hajawahi kuiingia zaidi ya kizingiti, akamalizia kwenye tumbo langu. Mimi nikamwambia mzazi wa kweli hamlishi mwanawe makopo akamtupa kwa watu kama mzigo. Akanijibu. Nikamjibu. Mume wangu akasema anakwenda kuangalia gari. Gari liko salama, limeegeshwa mbele ya dirisha, nalo naliona hata sasa.

"Nimechoka!" nilipiga kelele, sijui nikimwambia nani, maana simu ilikuwa imeshakatwa. "Huyu mtoto angelala tu, sote tungepumzika!"

Mlango wa chumba cha Cheche ulikuwa wazi kidogo. Nimekwenda kuufunga.

Ijumaa, 6 Juni

Sijaandika tangu Jumapili. Nitaandika yote sasa, kwa mpangilio, kwa sababu kuna watu wanaoyasimulia vingine.

Jumatatu mchana nilimchukua Cheche shuleni, nikamwacha sebuleni na madaftari yake, nikaenda uani kuanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa. Mvua ikanikuta na kapu mkononi. Nilipoingia sebule ilikuwa tupu. Nikaita. Nikaenda chumbani kwake.

Alikuwa kitandani, na sare yake, na viatu vyote viwili. Alikuwa amelala chali, mikono imenyooshwa kandokando, vizuri kabisa, kama mtu aliyeambiwa lala namna hii. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Kopo la pipi lilikuwa wazi juu ya godoro, tupu, na stuli ya jikoni ilikuwa imeegemea kabati nilikokuwa naliweka.

Nilimtikisa. Nikampiga makofi mashavuni, kwanza ya kuogopa, kisha ya kweli. Macho yakafunguka nusu, yakaona kitu kisichokuwa mimi, yakafunga. Nilipomwinua kichwa kilianguka begani kwangu.

Sijui nilipata wapi akili ya kuzoa makopo yote kwenye mfuko. Nilimbeba mpaka barabarani, mfuko unagonga mguu, mvua inatupiga usoni, na nilikuwa nasema naye njia nzima. Nilimwambia niulize kitu. Niulize chochote. Teksi ya kwanza ilituona ikapita. Ya pili nilisimama mbele yake.

Hospitali alitapika, zambarau juu ya shuka, juu ya gauni langu. Nesi akasema kutapika kunasaidia. Daktari, dada mmoja mdogo kuliko mimi, nywele zimefungwa ovyo kama aliyevuliwa kofia ghafla, alimpima mapigo, pumzi, macho. Nikamwaga makopo mezani kwake.

"Nani alikuwa anampa hivi?"

"Mimi. Kwa maagizo ya mama yake."

"Hizi za usingizi, kiasi gani?"

"Alichoagiza. Kisha nikaongeza."

"Kwa nini uliongeza?"

Mume wangu alikuwa ameshafika, yuko mlangoni na mwavuli. Ningeweza kusema niliambiwa. Ingekuwa kweli.

"Kwa hasira," nikasema.

Daktari akainua uso. "Hiyo hatuna dawa yake hapa," akasema, akarudi kuandika.

Alisema anaweza kupona vizuri, ila lazima alale pale waangalie pumzi zake. Ndani ya zile pipi mna homoni ya usingizi. Haziuzwi kama dawa, kwa hiyo hakuna anayehakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye kopo ndicho kilichomo. Na mtoto akishajua ni tamu, ni pipi. "Nani anaweka dawa kwenye pipi halafu anashangaa mtoto akila?" Akachukua na damu. Nilimweleza ile miguu inayokimbia, na alivyoniambia inawasha kwa ndani. Aliniuliza maswali mengi juu ya hiyo miguu, mengi kuliko juu ya pipi.

Jumanne asubuhi Cheche akafungua macho. Nilikuwa kwenye kiti, nimevaa koti la nesi.

"Nimelala?" akauliza.

"Umelala sana."

"Basi mmepumzika?"

Nilitoka nikasimama kwenye korido, uso kwenye ukuta wa vigae, mpaka mfagiaji akaniomba nisogee.

Mwenye Mtoto alifika mchana, viatu vimejaa maji. Hakusalimia. Alinivamia hapo hapo kando ya kitanda, akaninyakua kitambaa cha kichwani. "Umeniulia mwanangu! Mchawi! Ulikuwa unasubiri tu niondoke!" Nami sikubaki nyuma. Nilimwambia sumu ni yake, kopo ni lake, mshauri ni wake. Nilimshika mkono nikausokota. Wagonjwa wakainuka vitandani kutazama. Mume wangu akaingia katikati, viganja juu, "Jamani, jamani, watu wanatuona." Hilo ndilo lililomuuma. Kuonwa.

Nesi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida, "Na mtoto yuko wapi?"

Kitanda kilikuwa kitupu.

Alikuwa chini yake, kwenye kona kabisa, amejikunja, masikio ameyaziba kwa vidole. Anaangalia sakafu. Mwenye Mtoto akapiga magoti, akajipenyeza kule chini na gauni lake la safari, akatambaa mpaka akamfikia. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitaka kutambaa pia. Sikuwa na haki hiyo, na nilimchukia kwa kuwa anayo.

Jumamosi, 7 Juni

Amemchukua, kampeleka kwa dada yake. Amesema nisikanyage popote alipo mwanawe. Mume wangu akabeba begi mpaka kwenye gari lililokuja kuwachukua.

Jumanne, 10 Juni

Daktari amenipigia mimi, maana namba iliyoachwa hospitali ni yangu. Damu ya Cheche inatosha kwa kuiangalia juu juu, lakini akiba yake ya madini ya chuma imekwisha kabisa. Mtoto wa namna hiyo miguu humtekenya akilala, usingizi hukatika katika, na mchana hatulii hata kidogo. Katika sanduku zima la yule mama, samaki wote wale, chuma ndicho hakikuwamo.

Nilimwambia mume wangu apige simu. "Tungoje hasira zipoe," akasema.

Nikamtumia Mwenye Mtoto ujumbe wa sauti. Nilimweleza yote bila tusi hata moja, na haikuwa rahisi. Jibu limekuja jioni: "Usinifundishe."

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Nyumba imetulia, nami sipendi. Mume wangu anataka kupaka rangi ule ukuta wenye nyayo. Nimemwambia aguse aone.

Alhamisi, 19 Juni

Amekuja dukani. Nilimwona kwanza kupitia kioo cha kaunta, nikadhani ni mteja mwenye shari. Alikuwa amembeba Cheche mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu inaning'inia, amelala saa nne ya asubuhi.

"Sikuja kuomba radhi," akasema.

"Wala sikuwa naingoja."

"Dada yangu amemrudisha. Anasema watoto wake hawalali kwa mateke yake. Makopo nimeyaacha yote, siku ya kwanza tu, na hali ni ile ile." Akauma midomo. "Ule uliouita upungufu. Hebu rudia."

"Sikuuita mimi. Kauita daktari. Ungesikiliza ule ujumbe mpaka mwisho."

"Nimeusikiliza mpaka mwisho. Mara nyingi. Sauti yako inachefua."

"Na yako hivyo hivyo."

Nilivua aproni nikamwambia bosi natoka. Tulikwenda hospitali, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika mwavuli juu ya mtoto. Yeye akaloa. Sikuusogeza.

Daktari alieleza tena yale yale. Mwenye Mtoto alisikiliza kama anayesomewa kesi.

"Kwa hiyo mafuta ya samaki ni takataka?"

"Sijasema hivyo. Wapo watoto yanaowasaidia kidogo, wengi hawaoni tofauti, na kwa kiasi hayamdhuru. Lakini ulimpa kabla ya kumpima. Ulikuwa unakisia." Akamwandikia dawa ya maji ya chuma. "Na hii mfungie kwa ufunguo. Chuma kikizidi ni sumu kweli, usiniletee tena kesi ya kabati. Mpime tena baadaye, usiendelee tu. Na msitegemee atageuka mtoto mwingine. Miguu itatulia, usingizi utakuja. Umakini wa darasani ni jambo lingine, nitampeleka kwa wataalamu wa watoto wamwangalie vizuri."

Kwenye korido Mwenye Mtoto alikaa kwenye benchi ghafla, kama aliyekatwa kamba. "Unajua kwa nini nilimwamini yule mshauri?" akasema, hanitazami. "Shule mbili zimeshamfukuza. Kila mahali naulizwa nimemlea vipi. Yule mama kwenye simu ndiye mtu wa kwanza kuniambia si kosa langu. Angeniambia nimpe mchanga, ningempa."

Nilikuwa karibu kumwonea huruma. Akaniharibia. "Na usidhani nimekusamehe," akasema.

"Nani kaomba?"

Amerudi kwenye kozi yake, mitihani imekaribia. Cheche yuko chumbani kwake. Kwangu, yaani.

Jumamosi, 28 Juni

Dawa ya chuma ni nyeusi, ina ladha ya msumari. Anainywa kwa mrija isimharibu meno, juu yake juisi ya machungwa. Chai ni baada ya muda mrefu, maana inaizuia dawa isifanye kazi. Choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na badala ya kuogopa anajivuna. Leo alimwita baba yake aende kuona. Mwamuzi alikimbia.

Simu zinawekwa mbali ikifika jioni, taa zinazimwa mapema. Kabla hajalala namkandamiza nyayo kwa viganja, kwa nguvu, daktari alisema huwatuliza baadhi ya watoto. Hata wakati huo tunanuniana. Anasema mikono yangu ni mikavu.

Jumanne, 8 Julai

Jua kidogo. Mwalimu kanisimamisha langoni, safari hii kanuna. "Amerudia. Anauliza maswali katikati ya somo. Mlichokuwa mnampa kimekwisha?"

"Kilikuwa kinamlewesha," nikamwambia. "Ulikuwa unatusifu kwa kumlewesha mtoto."

Nikapita, nikaingia darasani kwake, nikalishika lile dawati la kando ya pipa. Liliburuzika kwa kelele, watoto wote wakinitazama. Nililigeuza likatazama ubao, nikaliweka mstari wa mbele.

"Hapa," nikasema.

"Nitamwambia mkuu wa shule," mwalimu akasema.

"Mwambie. Nami nina mengi ya kumwambia."

Nilifika kazini bado nina hasira. Niliharibu fremu ya mtu.

Jumatano, 16 Julai

Mateke yamepungua. Si kila siku. Jana shuka lilisokotwa, leo limenyooka. Kiatu kimepotea tena.

Jumamosi, 26 Julai

Shule imefungwa jana. Mwenye Mtoto alituma ujumbe kwamba atafika leo asubuhi na mapema kumchukua, na akafika mapema kweli, kabla sijavua kanga ya kulalia. Nilimfungulia. Alifuta miguu.

"Yuko wapi?"

"Amelala."

"Bado?" Akatazama dirisha. Jua lilikuwa limeshapanda, la kwanza la maana tangu miezi ile. "Huyu hajawahi kulala mpaka saa hizi. Tangu azaliwe."

Tukaenda kuchungulia. Cheche alikuwa amelala ubavu, shuka liko mabegani, mdomo wazi, mguu mmoja umetoka nje na umetulia tuli. Mwenye Mtoto alinyoosha mkono amwamshe, gari la kukodi lilikuwa linamngoja nje. Mkono ukasimama njiani. Akaurudisha kifuani.

Tukarudi jikoni. Nikaweka chai, si kwa ukarimu, ila sikujua la kufanya na mikono. Alikaa upande wake wa meza, mimi wangu. Alitazama jiko langu, sinki langu, akaona doa, akalitazama makusudi nione kwamba kaliona. Nami nilitazama kucha zake. Kijiko kilipogonga kikombe chake aliganda, akasikiliza kuelekea chumbani, kisha akakilaza mezani polepole kama anaweka yai.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba chupa iko na ufunguo wake, mrija uko kwenye mfuko, siku ya kupima damu tena ni mwezi ujao. Akaitikia kwa kichwa. "Miguu unaikandamiza vipi?" akaninong'oneza. Nikamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, hapa na hapa. Ngozi yake ilikuwa baridi. Akauacha mkono pale mpaka nilipomaliza.

Simpendi. Nikiulizwa leo nitasema hivyo, na yeye akiulizwa atasema yake.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo, na mume wangu akaingia kutoka kwenye mazoezi yake, jasho tele, akatukuta tumekaa meza moja na uso wake wote ukachanua. "Haa!" akapaza sauti, mikono juu. "Nilijua tu! Nilisema mtapatana wenye—"

"Nyamaza!" tukamwambia.

Tulikuwa tumesimama wote wawili, bega kwa bega, vidole vimeelekezwa kwake. Akafunga mdomo. Akavua viatu hapo hapo mlangoni, kimoja kimoja, akavishika mkononi, akapita mbele yetu kwa ncha za vidole.

Mwenye Mtoto akaketi tena. Akasogeza kikombe chake, nikammiminia.